Mtambo wa Majitaka, Ukipewa Alama na Mto Unaoupokea

Huduma hii ina wateja wa namna mbili: mwenye nyumba anayelipa ankara, na yule anayechota maji au kuvua samaki mkondo wa chini bila hata kuujua mtambo ulipo. Nilipopata nafasi ya kuutembelea mtambo mmoja wa manispaa, niliamua kuupima kwa niaba ya huyu wa pili.

Mlangoni kuna vyuma vya kunasa takataka, kisha matangi ya kutuamisha mchanga na mashapo. Hayo hayana mengi ya kusimulia, isipokuwa wingi wa vitambaa vya kufutia watoto, ambavyo havikupaswa kabisa kutupwa chooni.

Kazi yenyewe iko kwenye tangi la hewa, kwa mbinu ambayo Edward Ardern na William Lockett waliitangaza Manchester mwaka 1914: hewa hupulizwa ndani ya majitaka, bakteria huzaliana na kula uchafu, kisha tope lao hutuama katika tangi linalofuata na sehemu yake kurudishwa ili iendelee kula. Maji ya mto yenye nyuzijoto 20 hushika takribani miligramu 9 tu za oksijeni kwa lita, ilhali uchafu ulio katika lita moja ya majitaka mabichi ya mjini unaweza kudai miligramu 200 au zaidi. Yakimwagwa yalivyo, deni hilo hulipwa na mto, na samaki ndio wanaokosa pumzi. Mtambo mzuri hulishusha hadi 30 au chini ya hapo.

Fundi wa zamu alichota lita moja ya uji ule wa kahawia, akaumimina katika silinda ya kioo na kuuacha nusu saa. Tope lilishuka hadi chini ya theluthi, maji yaliyobaki juu yakawa meupe, na harufu ilikuwa ya udongo uliolowa, wala si ya uozo. Kwa kipimo hicho, bakteria wake wana afya.

Hata hivyo, maji meupe yanaweza kuficha mengi. Amonia haionekani kwa macho, nayo ni sumu kwa samaki. Kuigeuza kuwa nitrati kunahitaji bakteria wanaokua polepole, kwa hiyo tope lazima likae siku nyingi zaidi mtamboni. Hapa wanalizingatia hilo, na nawapongeza. Vilevile wanaua vimelea kwa mionzi ya urujuanimno badala ya klorini, ambayo mabaki yake yasipoondolewa hudhuru viumbe vya mtoni.

Fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani, ndiyo iliyoniudhi. Hawaweki chumvi za chuma za kuigandisha, na matokeo yake nimeyaona mwenyewe: penye kidimbwi tulivu chini ya bomba la kutolea maji, mwani umetanda kijani, nao ufikapo usiku huvuta oksijeni ileile ambayo tangi la hewa lilihangaika kuiokoa. Kasoro nyingine ni bomba la dharura, linaloachia majitaka mabichi mtoni mvua kubwa inapozidi uwezo wa mtambo. Tangi la kuhifadhi maji ya mvua lingepunguza aibu hiyo.

Kwa oksijeni nawapa nyota nne kati ya tano, kwa fosforasi moja. Alama za siku ya mvua nimeziacha wazi, maana nilikwenda jua likiwaka.