Alinea ya Chicago: Chakula Kinachohesabiwa kwa Sekunde

Kipande cha kiazi cha moto, cha mviringo, kidogo kama gololi, kimetungwa kwenye sindano ya chuma juu ya kibakuli cha nta ya parafini. Sindano hiyo imebeba pia ubale wa trufeli nyeusi, ile kuvu ya chini ya ardhi inayouzwa kwa gramu kama dhahabu, pamoja na siagi, jibini ya Parmesan na kijani cha jani la kitunguu. Ndani ya kibakuli kuna supu baridi ya viazi. Ukivuta sindano, vyote vinatumbukia, nawe unamimina mdomoni kwa funda moja. Sahani imekwisha.

Utamu wake hauko kwenye kiazi. Uko katika zile sekunde chache ambazo moto na baridi vinakutana ulimini kabla havijawa vuguvugu. Ndiyo maana chombo ni cha nta: parafini haipitishi joto kirahisi, kwa hiyo kiganja hakiwahi kuipasha supu. Na ndiyo maana anayeshika simu kwanza, akatafuta mwanga, akapiga picha tatu, huishia kunywa supu ya viazi ya kawaida kwa bei isiyo ya kawaida. Methali ya haraka haraka haina baraka, kwenye meza hii igeuze.

Alinea iko mtaa wa Lincoln Park, Chicago, nambari 1723 North Halsted Street, ng'ambo ya ukumbi wa maigizo wa Steppenwolf. Ilifunguliwa Mei 2005 na mpishi Grant Achatz na mshirika wake wa biashara Nick Kokonas, na jina lake linatokana na alama ya aya, ¶, kwa maana ya kuanza wazo jipya. Mwaka 2006 jarida la Gourmet liliitaja kuwa mgahawa bora Marekani. Mwongozo wa Michelin ulipoingia Chicago mwishoni mwa 2010 uliipa nyota tatu, daraja lake la juu kabisa, ikazishikilia miaka mingi, hadi orodha ya 2025 ilipoishusha kuwa na mbili. Kwa anayechagua meza kwa kuhesabu nyota, hilo ni jambo zito. Kwa anayetaka kuona joto, harufu na muda vikipangwa kama fundi saa apangavyo magurudumu, si zito kiasi hicho.

Tuanze na mahali ambapo wengi hupotezea fedha, nako si mezani bali kwenye tiketi. Hapa hupigi simu kuweka nafasi ukaja kulipa baadaye. Unanunua tiketi kwenye mtandao wa Tock, mfumo uliozaliwa na mgahawa huu wenyewe na ule wa pili wa Achatz na Kokonas, Next, ulioanza kuuza chakula kwa tiketi mwaka 2011. Unalipa kabla, fedha hairudi, ila tiketi yaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Bei hupanda na kushuka kama nauli ya ndege: Jumamosi saa mbili usiku ni ghali, Jumatano saa kumi na moja jioni ni nafuu, na chakula ni kilekile. Asiyejali kula mapema ana kila sababu ya kuchukua saa hizo za mwanzo.

Bei inayoonekana mwanzo si bei ya mwisho. Huongezwa ada ya huduma ya asilimia 20, kisha kodi, na kodi ya mlo wa mgahawani Chicago inapita asilimia 10. Chukua mfano wa tiketi ya dola 400: ada ni 80, kodi ni 40 na zaidi, kwa hiyo unaishia juu ya 520 kabla hujagusa glasi ya kinywaji. Faraja ni kwamba ada hiyo imechukua nafasi ya bakshishi. Mgeni anayeongeza bakshishi nyingine ya asilimia 20 kwa kudhani ndiyo desturi ya Marekani, analipa mara mbili.

Ukali wa tiketi isiyorudishwa ulijulikana dunia nzima Januari 2014, pale wenzi wawili walipoingia na mtoto wa miezi minane baada ya yaya kushindwa kufika. Mtoto akalia, Achatz akauliza mtandaoni afanye nini, na mjadala ukawaka. Lawama nyingi ziliwaangukia wazazi, lakini chanzo kilikuwa tiketi: mtu aliyekwisha kulipa mamia ya dola hataki kubaki nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kununua, mjue mtu wa kumwachia tiketi yako iwapo safari itavunjika. Na kwa kuwa tiketi huuzwa kwa meza ya idadi fulani ya watu, mmoja akiugua ni lazima umpate wa kukaa kwenye kiti chake. Nusu ya meza hairudishwi.

Tangu ukarabati wa 2016 jengo lina vyumba vya aina tatu, na tofauti si ya mapambo tu. Salon, ghorofani, ni nafuu kuliko zote: sahani 10 hadi 14, saa mbili na nusu hivi. Gallery, chini, ni sahani 16 hadi 18, saa tatu na zaidi. Huko wageni huanza pamoja kwenye meza moja ndefu, kisha huhamishwa kwenda jikoni, na wakirudi hukuta chumba kimepangwa upya. Kitchen Table ni ya watu 6, chumba cha faragha kinachotazama jiko kupitia kioo, na ndiyo ghali kupita zote. Ziada ya Gallery kwa sehemu kubwa ni tamthilia: kusimama, kutembea, kushangaa. Anayependa hayo atayafurahia. Aliyekuja kwa ajili ya ladha atazipata nyingi katika Salon, tena bila kuchoka, kwa sababu sahani zikizidi, ulimi wa binadamu huanza kuchanganya mambo.

Sahani iliyodumu kuliko nyingi ni ile ya trufeli inayolipuka, ambayo Achatz alikuja nayo kutoka Trio, mgahawa wa Evanston alikokuwa akipika kabla ya Alinea. Ni ravioli moja tu, yaani kifuko cha tambi, juu yake kipande cha letusi, Parmesan na ubale wa trufeli. Ndani kuna mchuzi. Mchuzi hufungwaje ndani ya tambi? Unagandishwa kwa jelatini ukiwa baridi, unakatwa vipande vya mchemraba, unafungwa ndani ya unga, kisha ravioli inachemshwa. Jelatini huyeyuka kwa joto, na kilichoingia kigumu kinafika mezani kikiwa maji. Mhudumu atakwambia ule kwa mara moja na ufunge midomo kabisa. Msikilize. Anayeng'ata nusu humwagia mchuzi wa trufeli shati lake au, vibaya zaidi, jirani aliyeketi mbele yake. Hii ndiyo sahani ambayo kiini macho na ladha vinasaidiana: mlipuko unasambaza mchuzi mdomo mzima kwa pigo moja, jambo ambalo kijiko hakiwezi.

Kisha kuna puto, ambalo ndilo limepigwa picha kuliko kitu kingine chochote humo. Ni pipi ya tufaha la kijani iliyovutwa ikawa ngozi nyembamba, ikajazwa heliamu, na uzi wake ni tufaha lililokaushwa. Unalibusu, unavuta hewa, sauti yako inakuwa ya katuni. Wengi hudhani heliamu huzifanya nyuzi za sauti zitikisike haraka. La: sauti husafiri kwa kasi zaidi ndani ya gesi hiyo nyepesi, hivyo mwangwi wa koo na mdomo hupanda. Kwa upande wa kula, kilichopo ni sukari yenye uchachu wa tufaha, basi. Sukari hiyo hunata. Fungeni nywele ndefu nyuma, vueni miwani, na mwenye ndevu ajiandae kwa taulo la moto. Meza nzima hucheka, na kicheko chenyewe kina thamani, lakini kama chakula, puto ni la mwisho katika orodha.

Kitindamlo huandaliwa juu ya meza yenyewe. Zulia la silikoni hutandikwa, wapishi wanakuja na vijiko na kuchora michuzi kama wachoraji, halafu kitu kilichogandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika hupasuliwa katikati na vipande kutawanyika. Nitrojeni hiyo huchemka kwenye nyuzi hasi 196. Kipande kinachotoa moshi mweupe usikiweke mdomoni. Ngoja moshi ukatike. Tatizo la mtindo huu ni watu wenyewe. Kila mmoja huanza na mchuzi ulio mbele yake na kumaliza hapohapo, wakati wapishi wametawanya ladha mbalimbali meza nzima. Nyosha mkono, kusanya michuzi miwili mitatu kwa kijiko kimoja. Adabu ya kutovuka upande wa jirani haitumiki kwa dakika hizo kumi.

Harufu ni kiungo rasmi humu. Katika miaka ya mwanzo palikuwa na mto uliojazwa hewa ya lavenda, sahani ikawekwa juu yake ili uzito wake uisukume harufu nje taratibu, na ndege wa porini aliyeletwa pamoja na majani ya mwaloni yaliyokuwa yakifuka moshi. Menyu hubadilika, ila tabia hiyo haijabadilika. Marashi makali uliyojipaka hotelini yanaua nusu ya kazi hiyo, yako na ya meza ya pili.

Kuhusu vinywaji, hesabu kwanza. Mpangilio wa mvinyo unaoandamana na sahani hulipiwa mbali, na hauji kidogo. Miminio nane za mililita 75 ni mililita 600, karibu chupa nzima ya 750, na huwa zinakufikia kabla hujamaliza iliyotangulia. Kufikia kitindamlo ulimi umelegea. Wenzi wawili wanaweza kuuliza kama mpangilio mmoja unagawanyika, au kuagiza glasi moja moja kwa ushauri wa mhudumu wa mvinyo.

Mizio na miiko ya chakula iandikwe siku ya kununua tiketi, si kutamkwa ukiwa umeketi. Sahani za namna hii huanza kutayarishwa siku kadhaa kabla: jelatini inagandishwa, tufaha linakaushwa, nta inamwagwa kwenye vibakuli. Ukisema saa hiyo kwamba huli nguruwe au karanga, jiko litatoa kitu, lakini kitakuwa kitu cha kuziba pengo. Jelatini hasa iulizie kwa jina lake, kwani mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe na hujificha mahali ambapo nyama haionekani.

Mchana kula kidogo, ila usije na njaa ya kufa. Sahani za kwanza ni za kulamba tu na pombe hupanda haraka tumbo likiwa tupu. Kituo cha treni cha karibu ni North/Clybourn cha njia nyekundu, mwendo mfupi kwa miguu. Fika dakika kumi kabla ya muda wa tiketi, hasa siku za maonyesho pale Steppenwolf, ambapo teksi hukwama Halsted nzima, na jiko halimsubiri mtu.