Wheretocredit: kabla hujalipia tiketi ya ndege mtandaoni, angalia herufi kwanza

Wengi wetu hapa Dar tukikata tiketi mtandaoni tunaangalia vitu vitatu tu, bei, kilo za mzigo na transiti ni masaa mangapi, bei ikishakaa vizuri tunalipa tunalala. Pointi, yaani zile maili shirika linazokuwekea kwenye akaunti ukisafiri, ukizikusanya unapata tiketi ya bure, zinakuja kukumbukwa safari imeshaisha, na hapo ndo unamsikia mtu analalamika, mimi nimeenda Guangzhou na kurudi wameniwekea maili elfu tatu tu, mwenzangu tulikaa siti zimegusana kapata elfu kumi na mbili. Hajaibiwa. Tiketi zao zilikuwa na herufi tofauti, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo herufi ipo.

Sasa kuna websaiti inaitwa wheretocredit.com ambayo nataka niwaeleze vizuri, maana inasaidia sana na watu wanaoijua huku kwetu ni wachache. Haiuzi tiketi. Kazi yake ni moja, unachagua shirika la ndege, unaweka herufi ya tiketi yako, inakuletea orodha ya programu za maili (mipango ya uanachama ya mashirika ya ndege, si app za simu) ambazo zinakubali safari hiyo na kila programu inakupa asilimia ngapi. Bure kabisa.

Ila haitakufaa kitu kama hujui herufi ni nini, kwa hiyo naanzia hapo.

Ukisoma tiketi ya ndege imeandikwa Ekonomi, usidhani ekonomi ni moja. Siti ni ile ile, chakula ni kile kile, lakini shirika limezigawa siti zake za nyuma kwenye mafungu mengi na kila fungu lina herufi yake na bei yake na masharti yake. Y karibu kila mahali ni ekonomi ya bei kamili, J ni bizinesi, F ni first klasi. Hizo tatu unaweza kuzishika kichwani. Zilizobaki, B, M, H, K, L, Q, T, V na kadhalika, kila shirika linazipanga linavyotaka, kwa hiyo Q ya shirika hili inaweza kukupa nusu ya maili na Q ya shirika lingine isikupe hata moja. Ndo maana ukimuuliza mtu "eti Q ni nzuri?" hawezi kukujibu mpaka umwambie Q ya nani.

Kama umeshawahi kukaa kwa ejenti pale Posta ukachungulia skrini yake utakuwa umeona mstari kama huu: Y9 B9 M9 H4 Q0. Maana yake ni kwamba Y, B na M zina siti tisa au zaidi (mfumo hauonyeshi zaidi ya tisa), H zimebaki nne, Q imekwisha. Mstari huo ukiuelewa vitu vingi vya bei za ndege vinakaa sawa kichwani. Kwanza unaelewa kwa nini bei uliyoiona asubuhi jioni imepanda na ndege bado ina nafasi kibao, fungu la chini limeisha umehamishiwa la juu. Pili, na hii inawagharimu sana watu wenye familia, ukitafuta tiketi za watu watano na H zimebaki nne, mara nyingi mfumo hautakupa wanne bei ya H na mmoja bei ya M, unawapandisha wote watano kwenye M. Tafuta wanne kwanza, uone bei, halafu mmoja peke yake, tofauti ikiwa kubwa utaamua mwenyewe. Ila mjue mkikata hivyo mna bukingi mbili ambazo hazijuani, ndege ikibadilishwa kila moja itashughulikiwa kivyake, kwa hiyo usimwache mtoto au mzee kwenye ile ya peke yake.

Herufi unaiona wapi? Kwenye websaiti nyingi za mashirika yenyewe, kabla ya kulipa, ukibonyeza sehemu ya maelezo ya safari inakuwepo, mara nyingine maandishi madogo mpaka uvute skrini. Google Flights haikuonyeshi kirahisi. Ila kuna ITA Matrix, nayo ni ya Google, hiyo inakutolea herufi ya kila kipande cha safari pamoja na mchanganuo wa nauli na kodi, haiuzi tiketi, ni ya kuangalia tu kisha unaenda kununua kwenye shirika. Na ukishanunua, herufi inakuwa kwenye tiketi ya mtandaoni pembeni ya namba ya ndege au kwenye mstari wa klasi, imeandikwa herufi moja tu peke yake, watu wanaipita kila siku.

Websaiti za bei chee za kuuza tiketi za mashirika yote kwa pamoja ndo tatizo langu kubwa. Nyingine zinakuficha herufi mpaka umeshalipa. Mimi hizo nazitumia kutafuta bei tu, kulipa nalipia kwa shirika lenyewe, na siku hizi na kadi ya Visa ya kwenye simu haina shida hata kama huna kadi ya benki.

Tukirudi kwenye websaiti yenyewe, chukua mfano wa Dar, Addis Ababa, Guangzhou kwa Ethiopian, njia ambayo watu wa Kariakoo wanaijua kama njia ya kwenda Mbagala. Kutoka hapa mpaka Addis ni kama maili 1,100, Addis mpaka Guangzhou kama 5,000, kwenda na kurudi ni kama 12,200. Programu inayohesabu kwa umbali inachukua hiyo 12,200 inazidisha kwa asilimia ya herufi yako. Herufi ya asilimia 100 unapata zote 12,200. Ya asilimia 25 unapata 3,050. Na zipo herufi za sifuri, umeruka nusu ya dunia hujapata kitu. Sasa kama tofauti ya bei kati ya herufi mbili ni dola 20 na maili zinatofautiana elfu tisa, hiyo si hela ya kuibania. Ikiwa tofauti ni dola 250, nunua ya chini uachane na maili, kilo za mzigo utalipia nini. Hayo mahesabu huwezi kuyafanya kama hujaona herufi.

Kitu ambacho wheretocredit inafanya vizuri kuliko yote ni kukufungua macho kwamba si lazima maili za Ethiopian uziweke ShebaMiles, programu yao wenyewe. Ethiopian iko Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege yanayopokeleana maili, tangu 2011, Turkish nayo iko humo humo, kwa hiyo mfanyabiashara anayeenda Guangzhou kuchukua mzigo wa vifaa vya simu na Istanbul kuchukua nguo anaweza kuziweka safari zote mbili kwenye akaunti moja, iwe ShebaMiles, iwe Miles&Smiles ya Turkish, iwe MileagePlus ya United ambayo tangu 2019 maili zake hazina tarehe ya kuisha. Wengi wanafungua akaunti kila shirika wanalopanda, mwisho wa siku wana maili elfu mbili huku, elfu tatu kule, hazifiki popote na nyingine zinaisha muda. Kusanya sehemu moja. Ukifika daraja la Gold la Star Alliance unaruhusiwa laungi (sehemu ya kupumzikia uwanjani) na mzigo wa ziada, kilo 20 pale mzigo unapohesabiwa kwa kilo au begi moja zaidi pale unapohesabiwa kwa idadi, na kwa mtu wa biashara kilo 20 kila safari ni hela inayoonekana kabisa.

Kuna na umoja mwingine miwili, Kenya Airways na KLM wako SkyTeam, Qatar yuko oneworld. Emirates hayuko kwenye umoja wowote kati ya hiyo mitatu, anabaki na Skywards yake na washirika wake mmoja mmoja, flydubai akiwemo. Air Tanzania nayo haiko kwenye umoja wowote, kwa hiyo Dreamliner yetu tunaipenda ila usitegemee kuipeleka safari yake Star Alliance au SkyTeam.

Halafu msichanganye herufi na majina ya vifurushi. Emirates wanauza Special, Saver, Flex na Flex Plus, Qatar wana Lite, Classic, Convenience na Comfort, hayo ni majina ya kuuzia, yanakuambia kama unaweza kubadili tarehe, kilo ngapi, siti unachagua au huchagui. Kwenye Skywards maili za ndege ya Emirates zinafuata kifurushi na njia unayopita, Special inakupa kidogo, Flex Plus nyingi. Lakini ukipeleka safari kwa shirika mshirika, mshirika mara nyingi anaangalia herufi. Kwa hiyo vyote viwili viangalie.

Na kuna hawa wanaohesabu kwa hela, si kwa umbali. Zamani ilikuwa umbali tu, toka American Airlines walipoanzisha programu yao AAdvantage mwaka 1981, miaka mitatu baada ya Marekani kuachia mashirika yajipangie nauli. Siku hizi wengi wamehamia kwenye hela. Flying Blue ya KLM na Air France ilibadilika 2018, mwanachama wa daraja la chini kabisa, la kuanzia, anapata maili 4 kwa kila euro. Sikiliza vizuri hapa, si euro zote ulizolipa. Kodi za serikali na za uwanja hazihesabiwi, inahesabiwa nauli na tozo za shirika lenyewe. Tuseme tiketi ya Amsterdam umelipa euro 900 na ndani yake kodi ni 150, zinabaki 750, mara 4 ni maili 3,000. Njia zetu za Afrika kodi zinakuwa nzito kwa hiyo hicho kipande kinachokatwa si kidogo. Kwa programu ya aina hii herufi haikusumbui sana kwenye maili, unachoangalia ni bei.

Mapungufu ya wheretocredit yapo. Iko kwa Kiingereza na imejaa maneno ya watu wa ndege, mtu anayeanza anaweza kuifunga ndani ya dakika moja. Mashirika yanabadili majedwali yao mara kwa mara, kwa hiyo ukishapata jibu pale nenda kahakiki kwenye jedwali la programu yenyewe kabla hujaweka namba ya uanachama, safari moja inaingia programu moja tu na ikishaingia kuihamisha ni kazi. Ndege yenye namba mbili, yaani umeuziwa na shirika hili inarushwa na lile, ndo iangalie mara mbili zaidi, kila programu ina sheria yake kuhusu herufi ipi inahesabika. Kubwa kuliko yote, asilimia si thamani. Programu inaweza kukupa asilimia 100 halafu tiketi ya bure ya Nairobi ikataka maili nyingi mno pamoja na tozo za kulipa taslimu, na nyingine ikakupa 50 ukasafiri mapema zaidi. Hiyo kazi ya kulinganisha bei ya tiketi za maili unaifanya mwenyewe, websaiti haikufanyii.

Jambo la majina nalo, hili linatukuta sana sisi. Pasipoti zetu zina majina matatu, akaunti ya maili mtu kafungua kwa mawili, tiketi kaandika matatu na mfumo umeyagandanisha mawili yakawa neno moja, maili zinagoma kuingia. Fungua akaunti kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti na tiketi hivyo hivyo. Namba ya uanachama iweke wakati wa kukata tiketi au pale kaunta Terminal 3 ya uwanja wa Dar, usingoje kurudi. Zikigoma bado una haki ya kudai baadaye ndani ya muda uliowekwa na programu, na watakuomba namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13 (071 mwanzoni ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar, 235 Turkish), si ile ya bukingi yenye mchanganyiko wa herufi na namba, jumla sita. Wengine wanataka na bodingi pasi, kwa hiyo ipige picha hata kama karatasi utaitupa.

Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningewapa wangeweka na sehemu ya kuonyesha tiketi ya bure ya njia za huku kwetu, Dar Nairobi, Dar Dubai, Dar Johannesburg, inataka maili ngapi kwa kila programu, pembeni ya zile asilimia.