Klima (kiyoyozi) ya mezani, ventilateri, karatasi ya alumini na chokaa: kipi kinapoza nyumba ya Lubumbashi mwezi wa kumi

Mwezi wa tisa ukiingia tu, meza za vitu vya umeme sokoni zinajaa visanduku vyeupe vya plastiki, taa ya bluu juu, feni ndogo mbele. Muuzaji anakuita: "Papa, hii njo klima ya kidogo, weka maji tu." Anakushika mkono na kuuweka mbele ya kisanduku, unasikia ubaridi, na mkono wa pili tayari unatafuta pesa mfukoni. Kabla hujazitoa, geuza kisanduku uone tangi linachukua maji kiasi gani.

Tangi hilo ndilo linalosema ukweli. Ndani hamna gesi wala kompresa. Feni inapitisha hewa kwenye sponji iliyolowa, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Lita moja ya maji ikikauka yote inachukua joto la wati-saa 670 hivi. Sasa kisanduku chenye tangi la nusu lita linalodumu saa tatu kinaondoa joto la kama wati 110, na mtu mzima aliyekaa kitini anatoa karibu wati 100. Kwa hiyo umenunua mashine ya kufuta joto la mgeni mmoja aliyekuja kusalimia. Akija na mke wake, imeshindwa. Mezani, nusu mita kutoka usoni, kwa mtu anayeandika au kushona, inasaidia. Kwa chumba, hapana, hata ununue mbili.

Kaka zake wakubwa, wale wa kusimama chini wenye magurudumu na tangi la lita 20 hadi 40, ni habari nyingine. Tazama pedi zao: zile za karatasi ngumu yenye matundu kama sega la nyuki ni bora kuliko nyuzi za majani, na pedi nene ni bora kuliko nyembamba. Mchana wa mwezi wa kumi, joto likiwa digrii 32 na unyevu wa hewa asilimia 30, kitambaa kilicholowa kikiachwa kwenye upepo kinashuka hadi digrii 20 hivi. Pedi nzuri inafika theluthi mbili za safari hiyo, kwa hiyo hewa inatoka mdomoni mwa mashine ikiwa na digrii 24. Hilo unalisikia kweli. Mwezi wa kwanza mambo yanageuka: hewa ya digrii 27 yenye unyevu wa asilimia 80 inashuka digrii mbili tu, na mashuka yanakuwa na ubichi. Ni kifaa cha kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi mvua zishike. Baada ya hapo kikaushe, ukifunike.

Kosa linaloharibu kazi yake ni kufunga madirisha "kama klima". Chumba kikifungwa, unyevu unapanda, maji hayakauki tena, na baada ya nusu saa mnakaa kwenye mvuke. Weka mgongo wa mashine kwenye dirisha lililo wazi, kisha fungua dirisha au mlango wa upande wa pili upana wa kiganja, hewa ipate pa kutokea. Barafu anayokusifia muuzaji ni mapambo: kilo moja ikiyeyuka inachukua wati-saa 93, sehemu ya saba ya kazi ya lita moja ya maji yanayokauka. Halafu kuna suala la maji yenyewe. Mashine ya namna hii ikifanya kazi kweli inakunywa lita tatu au nne kwa saa, yaani bidoni la lita 20 linaisha kati ya saa sita mchana na jioni. Mahali ambapo maji yanabebwa kichwani, hesabu hiyo ifanyike kwanza. Na maji mengi ya hapa yana chokaa, hivyo pedi inaota ukoko mweupe. Ukiuona, lowesha pedi saa moja kwenye maji yenye robo ya siki. Kila usiku mwaga tangi lote. Maji yaliyolala yananuka na kulea mbu.

Tuje kwenye paa, maana hapo ndipo joto linapoingilia. Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, na tarehe 23 au 24 mwezi wa kumi jua la adhuhuri linasimama wima juu ya mji. Kuta hazipati kitu. Paa linapata chote, karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita 8 kwa 6 inabeba karibu kilowati 48 kichwani, na mabati yenye kutu yanameza zaidi ya nusu yake. Linganisha na wati 110 za kisanduku. Ndiyo maana saa nane mchana, chini ya manjanja (mabati) yasiyo na plafo (dari), ventilateri inazunguka na bado utosi unaungua: bati la digrii 60 linakumulika kama mbabula, jiko la makaa, na upepo hauzuii mmuliko.

Dawa yake ni rangi nyeupe, na nyeupe ya bei nafuu kuliko zote ni chokaa. Nunua ile ya unga iliyokwisha kuzimwa, si ya mawe. Ya mawe inachemka ikigusana na maji na inaweza kukutia upofu. Kwa paa la mita 60 za mraba, mikono miwili ya rangi: chokaa kilo 15, maji lita 30, kole (gundi) nyeupe ya seremala lita moja na nusu. Mimina chokaa ndani ya maji, si maji ndani ya chokaa, koroga, acha ilale usiku mmoja, asubuhi chuja kwa kitambaa cha chandarua cha zamani, kisha tia kole. Iwe nyepesi kama maziwa. Wengi wanaifanya nzito kama uji ili iwe nyeupe mara moja, na hiyo ndiyo inayobanduka kama magamba baada ya wiki. Ukiipaka inaonekana kama maji tu; weupe unakuja ikikauka. Usiingie na hofu ukaongeza.

Fagia vumbi jekundu kwanza, osha, kwangua kutu inayolegea. Paka alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni. Bati likiwa la moto, maji yanakauka kabla chokaa haijashika, na kinachobaki ni unga unaotoka na kiganja. Mkono wa pili upakwe kesho yake. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake kuna mbao. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi robo saa nzima halafu nenda kwa daktari.

Mafundi wa kuta wana mazoea ya kutia chumvi kwenye chokaa. Ukutani sawa. Kwenye bati, chumvi inaita kutu. Na chokaa yenyewe si ya kila bati: mbichi ni kali, inakula alumini, na inachuna zinki ya bati jipya. Kwa hiyo chokaa ni ya mabati ya chuma yaliyozeeka. Bati jipya linalong'aa, la alumini au la aluzinki lipakwe rangi nyeupe ya maji ya nje, ya akriliki, mikono miwili. Inagharimu zaidi, ila inakaa miaka. Chokaa ya paani inaondoka taratibu na mvua, nawe utapanda tena mwezi wa nane unaofuata. Kama unakinga maji ya mvua, ondoa bomba la pipa mpaka mvua mbili tatu za kwanza zipite. Paa la eterniti ya zamani usilisugue, usilitoboe wala usilikanyage: linavunjika chini ya mguu, na vumbi lake linaweza kuwa na asibesto.

Roli za karatasi ya alumini, ile yenye mapovu ya plastiki katikati, ni bidhaa nzuri inayofungwa vibaya karibu kila mahali. Fundi anaigandamiza kwenye bati kisha anapigilia mbao. Alumini inayogusa bati inapokea joto na kulipitisha kama sufuria. Inafanya kazi pale tu uso wake unaong'aa unapotazama hewa. Iache ining'inie sentimeta tatu au zaidi chini ya bati, uso wa kung'aa ukitazama chini, kwa sababu unaotazama juu unafunikwa na vumbi ndani ya msimu mmoja na unakufa. Vipande vipandane sentimeta 5 na kufungwa kwa utepe wa alumini. Ule wa plastiki unayeyuka gundi. Acha matundu yenye wavu kwenye pembe mbili za paa, hewa ya moto itoke. Kama tayari una plafo ya tripleksi na paa limepakwa nyeupe, roli hii inaweza kusubiri.

Mapazia mazito ndani ya dirisha la magharibi hayafanyi kitu cha maana: jua likishavuka kioo limeshaingia. Mkeka au gunia lililofungwa nje ya antivole (vyuma vya dirisha) linashinda pazia lolote.

Kilichobaki ni ventilateri, na hapa wengi wanayo tayari ila wanaitumia saa zisizo zake. Feni ya kusimama ya sentimeta 40 inakula wati 45 hadi 60 na haipozi chumba, inapoza ngozi. Ikizunguka chumbani bila mtu, inaongeza joto la mota yake. Kazi yake kubwa ni usiku. Mwezi wa kumi usiku wa Lubumbashi unashuka hadi digrii 17 hivi, wakati matofali ya kuchoma bado yana moto wa mchana. Kuanzia saa mbili usiku fungua dirisha mbili zinazotazamana, weka feni ndani, mita moja kutoka dirisha moja, ipulize kuelekea nje. Hewa baridi inaingia kwa dirisha la pili yenyewe. Asubuhi saa tatu funga kila kitu. Wavu wa mbu ubaki dirishani. Unapunguza upepo, hasa ukishikwa na vumbi, basi uoshe kila wiki, maana malaria si bei ya kulipia ubaridi.

Feni ikivuma bila kuzunguka mpaka uisukume kwa kidole, usiitupe: ni kondensa, kile kidude cha umeme kinachoianzisha mota, mara nyingi ya mikrofaradi 1.5 hadi 2.5. Soma namba kwenye ile ya zamani, nunua inayolingana. Ikizunguka polepole kila jioni na kuwa nzuri usiku wa manane, si feni, ni volti zimeshuka. Izime, maana mota inapata moto na kuungua. Matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye mhimili, kila mwezi wa vumbi, yanatosha.

Kwa nyumba ambayo umeme unakatika usiku, chukua ya volti 12, si ya 220 yenye inveta. Feni ya wati 15 kwa saa nane inatumia amperi-saa 10. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya amperi-saa 20 au zaidi, na paneli ya wati 50. Anayekuuzia betri ya amperi-saa 7 pamoja na feni hiyo anakuuzia upepo wa kama saa tatu.