Saa Yangu ya Rubani na Kisu cha Fundi

Nilikusudia kuandika sifa tupu, kwa sababu tangu niivae Seiko 5 hii ya mtindo wa rubani, ile ya uso mweusi na mkanda wa turubai, sijatamani saa nyingine. Muundo wake umefuata saa za marubani wa Ujerumani za miaka ya 1940, ambazo zilikuwa na upana wa milimita 55 ili zivaliwe juu ya koti; yangu ni milimita 37, nayo inautosha mkono wangu mwembamba. Tarakimu kubwa za pembezoni ni za dakika, na za saa zimewekwa ndani, jambo linalomfaa sana mtu anayewahi gari. Alfajiri nikiwa kituoni nasubiri daladala ya Mtumba, naiona mishale ikimeremeta gizani.

Kilichoniharibia furaha ni fundi mmoja wa hapa mjini. Nilimpelekea saa abadilishe mkanda, basi. Ilikuwa imesimama kwa sababu niliugua na sikuivaa siku kadhaa, nayo hujijaza nguvu kwa mwendo wa mkono. Haina hata namna ya kuitia ufunguo.

“Mzee, hii imekwisha betri,” akasema.

Nikamwambia, “Fundi, saa hii haina betri. Itikise kidogo tu, utaona.”

Akawageukia vijana waliokaa naye, akasema kwamba saa isiyo na betri ni ya kuchezea watoto. Kabla sijamjibu, alikwisha kuuchokonoa mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, ilhali mfuniko ule huzungushwa kwa kifaa chake maalumu. Kisu kikateleza. Kioo cha nyuma, ambacho napenda kutazama mashine ikizunguka ndani yake, kikapata mchubuko kutoka ukingo hadi ukingo. Mfuniko haukufunguka, namshukuru Mungu, maana kibanda kiko kando ya barabara na upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi haubakizi kitu bila vumbi.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu mnaoishi huku: msinunue saa ya namna hii, kwa kuwa mtaishia mikononi mwa watu wasioijua na wasiotaka kuambiwa. Hapana, kauli hiyo naifuta, kwa sababu saa haikukosa lolote; niliitikisa palepale mbele yake, ikaanza kutembea, na hadi leo haijasimama. Inunueni, ila mkanda badilisheni wenyewe nyumbani.

Aliniomba elfu tano, nami nikalipa kwa kuwa mkanda mpya alikuwa ameushika yeye. Nilipomwonyesha ule mchubuko hakusema hata samahani. “Uko nyuma huo, mzee, nani atauona?”

Ninauona mimi, kila asubuhi ninapoivaa.