Moduli ya Intel 100G CWDM4, nyota nne

Wadau, kama unaunganisha swichi za mtandao za 100G (gigabiti 100 kwa sekunde) kwenye majengo jirani hii kitu iko poa sana. Ni moduli ya QSFP28 (umbo la kifaa kidogo unachochomeka kwenye swichi, kinageuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) ya silikoni fotoniki, yaani njia za mwanga zimechorwa kwenye chipu ya silikoni, na kwa vile silikoni yenyewe haitoi mwanga wa maana Intel wanagandisha indiamu fosfaidi juu yake huko huko kiwandani, ndo leza hiyo. Inarusha rangi nne za mwanga, 1271, 1291, 1311 na 1331 nm (nanomita, urefu wa wimbi), kila moja 25G, zote kwenye uzi mmoja wa faiba na uzi wa pili unarudisha, mpaka kilomita 2. Ndugu yake PSM4, moduli nyingine ya 100G, anakula nyuzi nane na kiwango chake ni mita 500, mi hapo sioni faida labda iwe raki na raki. Washa FEC (inarekebisha makosa ya data njiani) kwenye swichi, na futa konekta kabla ya kuchomeka jamani! Joto lipo, inaweza kufika wati 3.5. Ila 2023 Intel waliiachia Jabil, kampuni ya kutengeneza vifaa vya elektroniki, biashara ya moduli hizi, kwa hiyo ukikuta stoki ya zamani uliza waranti kwanza.