Uzoefu wangu na dawa ya kugeuza kutu kwenye fremu ya nyuma ya pikipiki

Niliinunua dawa hii kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa kwenye chupa: "bila kusugua". Imepita miezi minane sasa, ikiwemo mvua ya msimu mzima, nami naridhika na dawa yenyewe kuliko na maneno hayo.

Fremu ya nyuma, yaani kile kipande kinachobeba kiti, taa ya nyuma na madigadi, kwenye pikipiki yangu imefungwa kwa bolti nne kwenye fremu kuu, kwa hiyo hutoka bila kukata chochote. Zipo pikipiki ambazo kipande hicho kimechomelewa moja kwa moja, na mwenye pikipiki ya aina hiyo itambidi afanye kazi yote akiwa amepiga magoti kando ya gurudumu. Nilianza kwa kutoa waya hasi wa betri, ili spana ikigusa fremu isilete shoti, kisha nikapiga picha kila kiungo cha nyaya kabla ya kukichomoa. Bolti mbili zilitoka kwa urahisi. Nyingine mbili nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni mbili mfululizo, na zilikubali siku ya tatu tu, baada ya kugongwa kichwani kwa nyundo ndogo na kukazwa kidogo kabla ya kufunguliwa.

Kutu mbaya zaidi ilikuwa chini ya kikalio cha betri, mahali ambapo asidi huvuja na unyevu hukaa. Hapo nilichokoa kwa ncha ya bisibisi nikitumia nguvu ili nione kama bomba la fremu limeoza, kwa sababu likitoboka, hakuna dawa ya chupa itakayolirudisha; hapo ni kukata na kuchomelea chuma kipya. Langu halikutoboka.

Dawa ina asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza kutu nyekundu kuwa fosfeti ya chuma, tabaka jeusi linaloshika rangi. Ili kuyapima maneno ya chupa, bomba la kushoto nililisugua kwa brashi ya waya hadi magamba yote yakaisha, nikaosha mafuta na kukausha, lakini la kulia nikalipaka kama lilivyo. Kesho yake yote mawili yalikuwa meusi, na ningepiga picha siku hiyo, la kulia ndilo lingependeza zaidi. Nilipolikwangua kwa ukucha, ule weusi uliinuka kama ganda la kidonda, na chini yake kutu ilikuwa nyekundu vilevile, kwa kuwa asidi ilikuwa imeishia juu ya magamba bila kukifikia chuma. Upande wa kushoto haukubanduka hata kwa kisu. Nililisugua la kulia upya na kulipaka mara ya pili, kazi ambayo ningeimaliza siku ya kwanza kama nisingeiamini lebo. Palipokuwa na chuma kitupu dawa iliacha unga mweupe, nami niliufuta kwa kitambaa chenye maji na kukausha vizuri kabla ya praima na rangi.

Kosa moja lilikuwa langu mwenyewe. Nilizamisha bolti za zamani kwenye dawa iliyobaki kwenye kopo. Zikatoa povu, zinki iliyozifunika kuzuia kutu ikaliwa yote, na baada ya wiki chache zilianza kushika kutu upya. Isitoshe, bolti za chuma kigumu zikikaa kwenye asidi zinaweza kunyonya hidrojeni na kukatika ghafla, kwa hiyo nilizitupa na kufunga mpya. Ndani ya mabomba sikumimina dawa, kwa sababu nisingeweza kuona imefika wapi wala kusuuza kilichobaki. Nilipulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji, nikahakikisha kwamba rangi haijayaziba.

Baada ya kufunga kila kitu, taa ya nyuma na indiketa hazikuwaka, nami nilipoteza jioni nzima nikikagua nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Rangi yangu nzuri, ambayo haipitishi umeme, ilikuwa imefunika mahali pa kufungia waya wa athi, ule unaorudisha umeme wa taa kupitia chuma cha fremu. Nilipakwangua hadi chuma, nikakaza na kupaka grisi kidogo.

Hadi leo pamejitokeza doa moja tu la rangi ya chungwa, kwenye kona ya kulehemu chini ya betri ambako brashi haikupenya vizuri. Chupa ya nusu lita ilitosha fremu nzima na bomba lile lililorudiwa, na robo yake bado ipo. Nitaitumia kwenye stendi ya kati, nikishaisugua.