ERAS kwa mwombaji wa radiolojia aliye Mwanza: inafaa, ila ina mitego

Kwa anayesomea udaktari Bugando na kulenga radiolojia Marekani, ERAS, yaani mfumo wa mtandaoni wa kuombea mafunzo ya ubingwa huko, ni mzuri: fomu moja hufika programu nyingi za mafunzo. Mtego wake mkubwa ni mwaka wa kwanza. Mafunzo ya radiolojia ni miaka 4, lakini hutanguliwa na mwaka 1 wa utabibu, na programu nyingi haziutoi. Huo unauombea peke yake, kisha unauweka kwenye orodha ya nyongeza wakati wa kupanga programu kwa mfuatano wa unavyozitaka. Ukiusahau, unaweza kupata radiolojia ukakosa pa kuanzia.

Barua za mapendekezo haziruhusiwi kuzidi 4 kwa kila programu. Moja itoke kwa daktari wa radiolojia aliyekuona ukisoma picha. Sifa za jumla hazisaidii.

Usaili mwingi ni kwa video. Saa 3 asubuhi New York ni saa 10 jioni Mwanza, ila mwanzoni mwa Novemba wao hurudisha saa nyuma, inakuwa saa 11. Hapo kukosea ni rahisi mno. Umeme ukikatika ruta huzima, kwa hiyo uwe na bando kwenye simu na kompyuta iliyojaa chaji.

Ada ndiyo kasoro: hulipwa kwa dola, hupanda kadiri unavyoongeza programu, na hairudishwi.